Tuko saba na tuna Jumamosi moja tu Lushoto: twende wapi kwa miguu?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi na marafiki zangu sita tunakuja Lushoto kutoka Dar mwisho wa Agosti. Tutafika Ijumaa jioni, Jumapili mchana tunageuza. Jumamosi yote tunataka kutembea vijijini na milimani. Mmoja wetu anataka Irente, mwingine msitu wa Magamba, mwingine ameona picha za Mtae na hasikii la mtu. Kuna mwenzetu alifanyiwa upasuaji wa goti miaka miwili iliyopita, na mwingine kazi yake ni kukaa ofisini kutwa, hata ngazi hapandi. Wawili ni watu wa mazoezi. Je, inawezekana sote tukatembea njia moja? Na mwongozaji ni lazima, au ramani ya simu inatosha?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako umelianza na jambo dogo ukalimaliza na kubwa. Irente au Magamba ni jambo dogo, zote zipo na hazihami. Kubwa ni hilo la watu saba wenye pumzi saba tofauti kutaka njia moja. Kwa miaka ishirini na kitu niliyotembeza watu kwenye milima hii ya Usambara Magharibi, safari za marafiki nilizoona zikiharibika hazikuharibiwa na mlima. Ziliharibiwa na wawili waliotangulia na mmoja aliyeachwa nyuma.

Kwa hiyo nakujibu hivi: mnaweza kutembea njia moja nyote saba, mradi njia ichaguliwe na lile goti, siyo na wale wawili wa mazoezi. Na njia yenyewe kwangu ni Irente, mwende kwa miguu mkipita vijijini, mrudi kwa gari.

Mtae nimalizane nayo mapema. Ni mbali, zaidi ya kilomita 60 kutoka Lushoto mjini, barabara inapinda na kupanda na kushuka, na mkifika huko mtakuwa mmeshatikiswa hadi mgongo. Mtapiga picha zile zile alizoziona mwenzenu, mtapanda gari, mtarudi. Wanaokwenda Mtae kwa miguu huchukua siku kadhaa, wakilala njiani, wengine kwa masista wa Rangwi. Mwambie rafiki yako picha zile si za uongo, ila zinadai wiki, na ninyi mna Jumamosi.

Magamba ndiyo inayonipa shida kuikataa, maana ni msitu ninaoupenda. Kilele chake kinafika mita 2,230 hivi kutoka usawa wa bahari, na ndani mna miti ya mikulo, minene ambayo watu watano wakishikana mikono ndio wanaizunguka. Mna mbega weusi wenye mabega meupe, na mna vinyonga wa pembe mbili ambao usipoonyeshwa na mtu mwenye jicho la kazi hiyo, utawapita ukidhani ni majani. Milima hii imekaa peke yake kama kisiwa kwa muda mrefu sana, tambarare kavu imeizunguka pande zote, ndiyo maana ina viumbe na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Hata lile ua la zambarau linalowekwa madirishani huko Ulaya, Saintpaulia, ndugu zake wa porini wanaishi kwenye miamba yenye kivuli ya milima hii ya Usambara. Mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na jina likabaki la kwake. Wazee wetu waliokuwa wakilipita kila siku wakienda kuchanja kuni hakuna aliyewauliza wao waliliitaje.

Lakini Agosti huku juu ni baridi na ukungu. Njia za msituni zina mizizi, udongo una unyevu hata kama mvua haijanyesha wiki nzima, na mteremko wa kurudi ni mrefu. Goti lililopasuliwa halilalamiki kwenye kupanda, linalia kwenye kushuka. Mtu anapanda vizuri, anacheka, anapiga picha, halafu saa nane mchana kwenye mteremko anaanza kutafuta kitu cha kushika. Hapo mko katikati ya msitu, gari haliingii. Magamba iwekeni akiba. Mkirudi mna siku mbili za kutembea, tutaongea.

Sasa Irente. Kwa barabara ni kilomita sita na kidogo kutoka mjini hadi kwenye mwamba, na wengi huenda kwa bodaboda, wanakaa dakika ishirini, wanarudi. Hao wameona mandhari, kutembea hawajatembea. Ninyi mtoke mjini kwa miguu mkielekea Yoghoi, lakini barabara kuu muiache mapema. Mwongozaji atawaingiza kwenye vijia vya kati ya mashamba: kushoto kabichi, kulia maharage, juu yenu migomba, na nyumba moja moja ya tofali yenye bati lililoshika kutu. Kuna mahali mnapita katikati ya uwanja wa mtu kabisa, kuku wanakimbia, bibi anachambua mboga mlangoni. Siyo kwamba mmepotea. Njia ndiyo hiyo, imekuwa hiyo tangu hajaolewa pale. Piga hodi, toa shikamoo, pita.

Angalieni na namna mashamba yalivyokatwa kwenye miteremko. Kuna mahali utaona matuta yamepangwa vizuri, na mahali pengine shamba linateremka wima kama paa la nyumba. Historia yake ni chungu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa amri na kwa faini, na kazi kubwa ikawaangukia wanawake. Watu walikataa, na TANU ilipata masikio mengi huku kwa sababu ya jembe hilo hilo. Uhuru ulipokaribia mpango ukafa. Miaka mingi baadaye watu wengine walikuja na ushauri wa matuta yale yale, safari hii bila faini, na baadhi ya wakulima wakayakubali kwa hiari yao. Mkimkuta mzee shambani mwenye nafasi ya kuzungumza, mwulizeni kuhusu matuta. Atawasimulia vizuri kuliko mimi, na mtapumzika bila mtu kuona aibu kwamba amechoka.

Kabla ya mwamba mtapita eneo la kanisa la Kilutheri, lenye shule ya wasioona, na shamba la Irente wanakouza mkate, jibini na jamu vinavyotengenezwa hapo hapo. Chakula cha mchana kuleni hapo, ila watu saba msiwatokee ghafla. Wapigieni siku moja kabla, au mmwachie mwongozaji aagize. Mara nyingi nawashauri watu wale kabla ya kwenda kwenye mwamba, maana kule ukingoni hamna wa kukuuzia sahani, na mtu mwenye njaa hatulii mahali pa kutazama.

Halafu mwamba wenyewe. Unatembea kwenye kijia cha kawaida, miti pande zote, hujui lolote, mara ardhi inaisha. Mbele ya vidole vyako hakuna kitu hadi chini, karibu mita elfu moja. Chini kuna Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari, barabara kuu ya kwenda Moshi ni uzi, lori ni siafu. Mbele zaidi ni nyika ya Wamasai inayokwenda hadi macho yashindwe. Wazee wetu waliigawa dunia sehemu mbili: Shambaai, huku juu kwenye migomba na mvua, na nyika, kule chini kwenye jua na homa. Pale Irente unasimama kwenye mpaka wenyewe, kisigino kikiwa Shambaai. Mkonge mnaouona ulianza mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja iliyotokea Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba ya mkoa mzima.

Onyo moja hapo, na nalisema kwa ukali: ukingo ule hauna mzaha. Upepo wa alasiri hupiga kwa vishindo, na mchanga juu ya jiwe huteleza kuliko tope. Anayepiga picha na asirudi nyuma akiwa anatazama kioo cha simu. Kaeni chini kwanza, ndipo mtoe simu.

Sasa hesabu, maana marafiki hawaharibikiwi na urefu wa njia, wanaharibikiwa na saa. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme mkizungukazunguka vijijini njia yenu inafika kilomita 12, na ukijumlisha vilima vyote mmepanda mita 500. Kilomita 12 ni saa mbili na dakika 24. Mita 500 ni dakika 50. Jumla saa tatu na robo. Lakini Naismith alikuwa akiwahesabia watu waliozoea vilima. Kwa mtu wa ofisini kutoka Dar mimi huzidisha kwa moja na nusu, inakuwa saa tano kasoro kidogo. Weka saa moja ya kula na nyingine ya picha, maji, na yule bibi wa mlangoni. Saa saba.

Mkitoka saa mbili asubuhi mnamaliza saa tisa alasiri, na mna akiba nzuri kabla jua halijazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Mkitoka saa nne, na nawajua marafiki, saa mbili ya kundi la watu saba huwa saa nne, mnamaliza saa kumi na moja. Akiba imebaki saa moja na nusu, na mkichelewa sehemu mbili tu mnaingia gizani. Kwa hiyo mkesha wa Ijumaa muusahau. Sisemi kwa ajili ya dini ya mtu. Nasema kwa sababu mtu aliyelala saa nane usiku ndiye atakayetafuta soksi saa tatu asubuhi wakati wenzake sita wamesimama uwanjani na baridi.

Na kwa kuwa mnarudi kwa gari, hesabu hiyo yote ni ya upande mmoja na mizunguko yake. Wengi huona haya kupanda gari kurudi, wanaona kama wamedanganya. Kumbuka tu kwamba barabara ya kurudi mtaifuata mkiwa mmechoka, kwenye vumbi la bodaboda, na hamtaona jambo jipya. Ongeeni na dereva wa Noah asubuhi kabla ya kuondoka, mkubaliane bei na saa, na namba yake iwe kwenye simu mbili, siyo moja. Goti likigoma mapema, dereva huyo huyo anakuja kumchukua mwenzenu barabarani, wengine wanaendelea bila lawama. Hili ndilo jambo linaloifanya Irente iwe ya kwenu: popote mlipo, barabara haiko mbali.

Sasa mpangilio wa kutembea. Anayekwenda polepole anatembea wa pili, nyuma ya mwongozaji. Siyo wa mwisho. Ukimweka mwisho, kila akiwafikia wenzake wamekaa, naye anatamani kukaa, lakini wao wameshapumzika na wanasimama kuondoka. Anayehitaji mapumziko kuliko wote ndiye asiyepata hata moja. Baada ya saa mbili hafurahii tena, na hasemi, kwa sababu ni rafiki na hataki kuwaharibia. Akiwa wa pili, mwendo wote unakuwa wake bila mtu kutangaza. Wale wawili wa mazoezi wawekeni mkiani, mmoja abebe dawa na mwingine maji ya ziada. Nguvu zao zitapata kazi.

Na kwenye kila njia panda, wote husimama mpaka wa mwisho afike. Kila njia panda. Hata kama wa mwisho mnamwona.

Kanuni hiyo nina kovu lake. Kuna mwaka nilipanda Magamba na vijana wanane, marafiki waliosoma pamoja. Wawili walikuwa na miguu ya swala. Walikuwa wakitangulia, tunawakuta wamekaa kwenye gogo wanatucheka, wanatangulia tena. Nilipaswa kuwazuia, na nilitaka kuwazuia, lakini kundi lilikuwa na furaha na mimi sikutaka kuwa mwalimu wa zamu. Saa tisa ukungu ukashuka. Si ule wa kupita, ni ule unaokaa, ukinyoosha mkono unaona kidole cha kati kwa kukisia. Tukafika mahali njia inagawanyika, moja inakwenda chini kwenye geti, nyingine ni ya zamani ya wapasua mbao, inakuvuta ndani kwa upole kwa sababu ni pana kuliko ile ya kweli. Kwenye gogo hapakuwa na mtu. Tukaita. Msitu wenye ukungu unameza sauti, ukiita unajisikia umeita ndani ya godoro. Niliwapeleka wale sita hadi getini kwanza, maana kazi yangu ilikuwa wanane na sikutaka kupoteza wengine nikitafuta wawili, kisha nikarudi juu na vijana wawili wa kijijini na tochi. Tuliwapata saa mbili usiku. Walikuwa wamekaa chini ya mkulo, wameegemeana, simu moja imekufa na nyingine ina asilimia nne. Walichofanya vizuri ni kimoja tu, lakini ndicho kilichowaokoa: walipotambua wamepotea waliketi. Mmoja alikuwa na fulana tu, sweta lake lilikuwa kwenye begi la rafiki yake, kwenye lile kundi lililoshuka. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba kikombe cha chai alishikiwa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo kila mtu anabeba sweta lake mwenyewe, na njia panda ni kituo.

Hapo nimeshajibu nusu ya swali la mwongozaji. Ramani ya simu itakufikisha Irente kwa barabara, sina ubishi. Haitakufikisha kwa vijia nilivyokueleza, kwa sababu vingi havimo, na baadhi vilivyomo vililimwa mahindi msimu uliopita. Mtandao nao huku una tabia ya kukaa upande mmoja wa kilima. Lakini sababu kubwa kuliko hizo ni kwamba mnatembea kwenye mashamba na viwanja vya watu. Kundi la watu saba wageni wenye miwani ya jua likiibuka nyuma ya choo cha mtu linauliza maswali. Likiwa na kijana wa kijiji jirani anayemwita baba mwenye nyumba kwa jina la mwanawe wa kwanza, linapewa ndizi. Chukueni mwongozaji, na mpateni kupitia ofisi za waongozaji pale mjini au kwa watu wa mahali mnapolala, siyo yule anayekukimbilia mlangoni mwa basi akiwa ameshika begi lako tayari. Kubalianeni kabla ya kuondoka: bei ni ya kundi au ya kichwa, chakula chake ni juu ya nani, na kiingilio cha kwenye mwamba kimo au hakimo. Siku mtakapokwenda Magamba, ule ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, malipo ni kwa kontro namba, na mbebe vitambulisho kwa sababu bei ya raia na ya mgeni hazifanani.

Adabu za njiani mtafundishwa na huyo kijana, mimi nataja mbili zinazoniudhi. Ya kwanza: mwenye mzigo kichwani ana haki ya njia. Mama ameteremka na kuni tangu juu, shingo imekaza, hawezi kukupisha wala kusimama kwenye mteremko. Ninyi mkae pembeni, upande wa mlima, siyo upande wa bonde. Na wakati huo simu ikae mfukoni. Ya pili: watoto watawaletea kinyonga juu ya kijiti wakitaka hela ya picha. Ukilipa, kesho vinyonga watano watakamatwa. Mwambie mtoto akuonyeshe alipo mtini.

Goti sasa, kwa urefu kidogo. Kwanza amwulize daktari wake wiki hizi, siyo Ijumaa usiku. Pili, aje na fimbo, au bora mbili. Huku zinakatwa za mti wowote mgumu, kijana atamchongea kwa dakika kumi. Urefu uzidi kidogo kiuno chake, na kwenye kushuka aishike juu kidogo zaidi na kuitanguliza mbele ya mguu. Tatu, kwenye mteremko apige hatua fupi, goti likiwa limekunjika kidogo, na asishuke wima. Aende mshazari, kushoto kisha kulia, kama mbuzi. Kuna watu wanashuka kwa kukimbia wakidhani wanamaliza mateso mapema. Kila hatua ya namna hiyo inamwangushia gotini uzito wake wote na zaidi. Nne, akisikia maumivu yanayochoma mahali pamoja, siyo uchovu wa nyama, anapiga simu ya Noah. Muwe mmekubaliana hilo kabla, mbele ya wote, ili siku hiyo lisiwe jambo la kujadiliwa.

Huyu wa ofisini hana tatizo. Atahema. Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi, na njia yenu haipandi juu sana ya hapo. Ugonjwa wa mwinuko, ule unaosikika Kilimanjaro, kwa kawaida huanza kusumbua watu juu ya mita 2,500. Kwa hiyo akihema ni pumzi tu, na dawa yake ni kutembea kwa mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima bila kuikata. Akishindwa kumaliza sentensi, wa mbele apunguze. Wiki tatu zilizobaki apande ngazi za ofisi yake, hata akisikia lifti inamwita aiache.

Vitu vya kubeba havizidi begi dogo la mgongoni. Raba zilizokwisha kuzoea mguu ni bora kuliko viatu vipya vya mlimani vya bei mbaya, vipya vinatoa malengelenge kabla ya Yoghoi. Malapa acheni chumbani. Sweta kila mtu na lake, nimeshasema kwa nini. Koti jepesi la mvua, kofia, tochi hata kama mnarudi mchana, pawabenki moja kwa kundi. Maji, nusu lita kwa kila saa ya kutembea ni kipimo kizuri, kwa hiyo lita mbili na nusu kila mtu. Baridi itawadanganya kwamba hamna kiu. Mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, na chumvi kidogo kwenye karatasi. Hela taslimu za noti ndogo, maana bibi wa ndizi hana chenji ya elfu kumi.

Kuhusu Ijumaa. Tokeni Dar alfajiri, si mchana. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na dereva mgeni asiipande usiku. Anayetapikaga garini akae mbele, asiangalie simu, na asile chipsi za Segera. Mkipita Soni kungali na mwanga, simameni mtazame maporomoko, yako karibu kabisa na barabara, na mnyooshe miguu. Sweta zitoeni hapo hapo, msingoje Lushoto. Mombo mtakuwa mmeacha joto, na kwa kawaida kila ukipanda mita elfu moja joto la hewa hupungua nyuzi sita na zaidi. Mkifika usiku wa Agosti na fulana za Dar, yule wa mazoezi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuomba blanketi la pili.